Baba ametoka hospitali, lakini moyo wake bado unabadilika

SIKU tuliyomtoa baba hospitali, mama alipika pilau. Majirani walikuja, wazee wa kanisa wakaja, tukamshukuru Mungu, na baba mwenyewe akasimama kwa miguu yake kuwashukuru watu. Alikuwa amelazwa siku tisa kwa shambulio la moyo. Kila aliyempa mkono alimwambia neno lilelile: "Hongera mzee, umepona."

Miezi mitano baadaye alikuwa analala ameketi kwenye kochi, kwa sababu akilala chali pumzi inamkata.

Wiki mbili zilizopita tulizungumza katika ukurasa huu kuhusu dalili za shambulio la moyo. Tangu hapo wasomaji kadhaa mmeniuliza swali linalofanana: mgonjwa wetu amerudi nyumbani, anakula, anatembea, anacheka na wajukuu, je, kuna haja ya kuendelea na vidonge vyote hivi? Nimeona nilijibu kwa kuanzia nyumbani kwetu, maana swali hilohilo baba aliniuliza mimi, na mimi nilimjibu vibaya.

Saa za kwanza

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na mtu akiwa amepumzika husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Ingawa ndani umejaa damu, chakula chake wenyewe hukipata kupitia mishipa midogo inayopita juu yake.

Mara nyingi shambulio hutokea pale utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mshipa mmojawapo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Sehemu ya msuli iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inakosa oksijeni. Baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, seli zake zinaanza kufa, na kadiri mshipa unavyobaki umeziba ndivyo kifo hicho kinavyoendelea kusambaa kwa saa kadhaa.

Baba alianza kubanwa kifua saa mbili usiku. Akadhani ni gesi, akanywa soda, akaenda kulala. Tulimfikisha hospitali saa nne asubuhi. Daktari alitueleza baadaye kwamba zile saa 14 ndizo zilizochangia sana ukubwa wa jeraha alilobaki nalo.

Ukijikata kidole wakati wa kumenya viazi, ngozi mpya inaota. Mfupa uliovunjika unaunga. Msuli wa moyo wa mtu mzima hauna uwezo huo, au unao kwa kiasi kidogo mno kisichotosha kuziba pengo. Seli iliyokufa imekufa, na mahali pake patakaa kovu.

Wiki nane za kovu

Siku chache za kwanza, chembe nyeupe za damu huingia eneo lililokufa na kulisafisha, kama mafundi wanaoondoa kifusi kabla ya kujenga. Wakati huo ukuta wa moyo pale penye jeraha unakuwa laini kuliko wakati mwingine wowote. Hutokea mara chache ukapasuka, na ukipasuka mara nyingi ni ndani ya wiki hiyo ya kwanza. Ndiyo sababu wauguzi wanamkataza mgonjwa kuinua vitu vizito au kujikamua chooni, na ndiyo sababu wanawafukuza ndugu wanaotaka kumsimulia ugomvi wa kiwanja kitandani.

Baada ya hapo mwili unaanza kufuma nyuzi ngumu za kolajeni. Kazi hiyo inachukua muda. Kovu hukomaa baada ya wiki sita hadi nane hivi. Likishakomaa linakuwa imara, lakini halisukumi damu. Linakaa tu pale wakati wenzake wanafanya kazi. Tena halipitishi umeme wa moyo kama msuli mzima unavyopitisha, na kwa baadhi ya wagonjwa hapo ndipo mapigo yasiyo na mpangilio yanapoanzia.

Kuna habari njema hapa katikati. Si kila sehemu isiyosukuma siku ya kwanza imekufa. Nyingine imezimia tu. Mshipa ukifunguliwa mapema, msuli uliozimia unaweza kuzinduka polepole ndani ya siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo picha ya moyo iliyopigwa wodini si hukumu ya mwisho. Inatakiwa irudiwe baada ya miezi miwili au mitatu.

Lastiki ya sketi

Sasa tuje kwenye jambo ambalo familia nyingi hazielezwi, au zinaelezwa siku ya kuruhusiwa, wakati akili zote ziko kwenye malipo na usafiri.

Kabla kovu halijakomaa, lile eneo laini linapigwa na shinikizo la damu kila sekunde, mchana na usiku. Linavutika, linakuwa jembamba na pana. Mzazi aliyewahi kununua sketi ya shule ya bei rahisi ataelewa: lastiki ikivutwa kupita kiasi, hairudi ilivyokuwa. Kiuno kinabaki kipana.

Chumba cha moyo kinachohusika zaidi ni cha chini upande wa kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kwa kawaida umbo lake limechongoka kama yai. Jeraha likiwa kubwa, katika wiki na miezi inayofuata chumba hicho kinaweza kutanuka na kuwa duara kama chungwa. Chumba kikiwa kipana na ukuta mwembamba, msuli unalazimika kukaza kwa nguvu zaidi ili utoe damu ileile. Kukaza huko kunauchosha, uchovu unaufanya utanuke tena, na kutanuka kunaongeza mzigo. Ndivyo mduara unavyojizungusha.

Msuli uliobaki mzima nao haukai kimya. Mmewahi kuona timu iliyopewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza? Wachezaji waliobaki wanakimbia mara mbili. Kwa muda mfupi huwezi hata kujua kwamba mmoja ametoka. Dakika ya 80 ndipo unawaona wameshika viuno. Nyuzi za msuli wa moyo zinafanya vivyo hivyo: zinanenepa na kurefuka ili kuziba pengo la zilizokufa. Mwanzoni zinamudu. Baada ya miezi au miaka zinachoka.

Kutanuka kunaharibu hata milango. Vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto inashikiliwa na kamba nyembamba zilizofungwa kwenye misuli iliyo ukutani. Kuta zikisogea mbali, kamba zinavuta, mlango haufungi sawasawa, na damu inavuja kurudi ilikotoka, kuelekea mapafuni.

Wataalamu huyaita mabadiliko haya kujiunda upya kwa moyo. Jina ni zuri kuliko kitu chenyewe. Hayampati kila mtu. Aliyepata jeraha dogo, aliyefunguliwa mshipa mapema na anayedhibiti presha yake ana nafasi nzuri ya kuepuka. Lakini kwa yule anayempata, jambo la kuogofya ni kwamba halina maumivu. Hakuna mtu anayehisi moyo wake ukitanuka. Anaweza kuwa anacheka mezani wakati chumba cha kushoto kinapanuka milimita kwa milimita.

Mwili unasaidia kwa njia inayoumiza

Kwa nini moyo ulioumia uzidi kujiumiza? Sehemu ya jibu iko nje ya moyo.

Mwili haujui kwamba mshipa mmoja umeziba. Unachojua ni kwamba msukumo wa damu umepungua, na kwa mamia ya vizazi sababu kubwa ya hali hiyo ilikuwa kupoteza damu: mtu amejeruhiwa, au mama anatoka damu baada ya kujifungua. Kwa hiyo unafanya kile unachofanya kwa mtu anayevuja damu. Figo zinaamriwa kuzuia chumvi na maji. Mishipa inabanwa. Homoni za mbio na hofu zinauchapa moyo uende kasi.

Kwa aliyejeruhiwa, hiyo ni dawa ya saa chache. Kwa mwenye kovu moyoni, ni mzigo wa miezi. Maji yanajaa, mishipa iliyobanwa inaufanya moyo usukume dhidi ya mlango mzito, na homoni hizohizo zinachochea nyuzi za kovu kuenea hata kwenye msuli uliokuwa salama.

Ukishaelewa hapo, ule mfuko wa dawa unaanza kusomeka. Aspirini, klopidogreli na atorvastatini zinalinda mishipa isizibe tena. Kundi la kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, pamoja na ndugu zake kama losartani, linakata ile amri ya kubana mishipa na kuzuia chumvi. Bisoprololi na karvediloli zinautoa moyo kwenye mbio. Spironolaktoni inapunguza chumvi na kuzuia kovu lisienee. Siku hizi wengine wanaongezewa dapagliflozini au empagliflozini, dawa zilizoanza kama za kisukari, zikaonekana kuusaidia moyo uliochoka. Si kila mgonjwa anahitaji zote. Lakini zile alizoandikiwa, karibu kila moja ina mlango wake inaoulinda.

Panya wa Boston

Zamani iliaminika kwamba kovu likishakauka, kazi imeisha. Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, watafiti Marc Pfeffer na Janice Pfeffer, wakifanya kazi Boston, Marekani, pamoja na daktari Eugene Braunwald, walifunga mshipa wa moyo wa panya na kufuatilia kilichotokea baadaye. Waliona mioyo ile ikiendelea kutanuka muda mrefu baada ya jeraha lenyewe. Mioyo ya panya waliopewa kaptoprili ilitanuka kwa kiasi kidogo kuliko ya wengine, na panya hao waliishi zaidi.

Kaptoprili yenyewe ina asili ya kushangaza. Wazo lake lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaca, ambayo mtafiti wa huko, Sérgio Ferreira, aliichunguza miaka ya 1960 na kukuta ina kitu kinachogusa mfumo wa presha. Wanakemia wakatengeneza kidonge kwa kufuata nyayo hizo.

Kisha ikaja zamu ya binadamu. Utafiti uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 1992, uliwachukua watu 2,231 ambao mioyo yao ilikuwa imepoteza sehemu ya nguvu, siku 3 hadi 16 baada ya shambulio. Nusu walipewa kaptoprili, nusu kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa kwa wastani wa miezi 42. Katika kundi lisilo na dawa walifariki 275. Katika kundi la kaptoprili walifariki 228.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: watu wale hawakuwa na dalili za wazi za moyo kushindwa. Hawakuwa wamevimba miguu. Hawakuwa wanahema. Wangekuwa kwetu, tungewapikia pilau na kuwaambia wamepona. Dawa iliwasaidia wakati wanajisikia vizuri, kwa kuzuia jambo ambalo lilikuwa bado halijajionyesha.

Nilichomwambia baba

Mwezi wa nne baba alikuwa ameshaanza kwenda shamba asubuhi. Vidonge vilikuwa vinaelekea kuisha. Tukiwa barazani akaniambia, "Mwanangu, hivi hizi dawa nizimeze mpaka lini? Mimi nimepona, na nyinyi zinawamaliza hela."

Ni kweli zilikuwa zinatumaliza. Ada za watoto zilikuwa zimekaribia. Nikamwambia, "Kama unajisikia vizuri baba, pumzika kidogo, tutaona mwezi ujao."

Baada ya wiki tatu viatu vikaanza kumbana. Tukasema anakaa sana kitini. Kikaja kikohozi cha usiku, tukamnunulia dawa ya maji duka la dawa. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, kisha akahamia kwenye kochi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo hayo na moyo, kwa sababu kifua hakikuuma hata siku moja.

Hospitali walimpima tena. Nguvu ya kusukuma, iliyokuwa asilimia 38 alipotoka wodini, ilikuwa imeshuka hadi 28. Daktari akauliza aliacha dawa lini na kwa nini. Baba akasema, "Niliacha mwenyewe." Alisema hivyo akiwa ananiangalia mimi.

Nilimweleza daktari ukweli. Hakunigombeza. Alisema jeraha lilikuwa kubwa tangu mwanzo na pengine sehemu ya mabadiliko yale ingekuja tu. Ila dawa zile zilikuwa ndizo breki, na sisi tuliziondoa gari likiwa kwenye mteremko. Akaniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kama tungesema kwamba tatizo ni hela, angetubadilishia. Nyingi ya dawa hizi ni za zamani na zina matoleo ya bei nafuu. Aibu yetu ya kusema hatuna ndiyo iliyokuwa ghali.

Baba alirudishiwa dawa, nyingine zikiongezwa polepole. Baada ya miezi tisa kipimo kilisoma asilimia 39, na chumba cha kushoto kilikuwa kimepungua upana. Moyo uliotanuka unaweza kurudi nyuma kiasi, ukipewa nafasi. Kovu halikuondoka. Mlima wa kwenda kanisani bado anaupanda kwa vituo viwili.

Namba ya kuuliza kliniki

Kila mgonjwa aliyepata shambulio anapaswa kujua namba moja: kila moyo unapopiga, asilimia ngapi ya damu iliyo kwenye chumba cha kushoto inatoka. Inapatikana kwa kipimo cha eko, kile cha kupaka jeli kifuani na kutazama moyo kwenye kioo. Hakichomi wala hakiumi. Kinafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, na katika hospitali kubwa za rufaa kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi.

Usishtuke ukisikia namba iko chini ya 100. Hakuna moyo unaotoa damu yote. Mzima hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Asilimia 40 au chini yake maana yake nguvu imepungua, na hapo dawa zile za kulinda umbo la moyo ndizo zenye faida kubwa zaidi. Muulize daktari: namba ya mzee ilikuwa ngapi alipotoka, na tutaipima tena lini?

Kazi za nyumbani

Dawa haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri, wala kwa sababu zimeleta usumbufu. Kundi la kaptoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Ipo dawa mbadala, sema ubadilishiwe. Nyingine zinahitaji damu ipimwe mara kwa mara kuangalia figo na madini. Mwanamke anayetumia kundi la kaptoprili au losartani amwambie daktari kabla ya kupanga ujauzito, na akihisi amepata mimba aseme mara moja, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nunueni mizani. Mgonjwa apimwe kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Kwetu kazi hiyo ni ya mjukuu wa darasa la nne, anayeandika namba kwenye daftari la hesabu na kumfokea babu yake akijaribu kukwepa. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo si mafuta ya ugali. Ni maji. Wapigieni kliniki siku hiyohiyo.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kikihesabiwa chote. Na chote maana yake ni pamoja na kiungo cha kwenye pakiti, mkate, soseji na samaki wa chumvi. Ondoeni kichupa cha chumvi mezani. Mama alilalamika wiki mbili, kisha akagundua limau, tangawizi na kitunguu saumu vinaweza kubeba mchuzi. Sasa familia nzima inakula hivyo.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka kwa mgongo na magoti, zinazuia chumvi na maji mwilini, zinaumiza figo, na zinaongeza hatari ya shambulio jingine. Mwenye moyo uliojeruhiwa asizitumie bila daktari kujua. Kwa maumivu madogo, parasetamoli ni salama zaidi. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kliniki bila kuficha.

Kutembea: msimfanye yai. Moyo wenye kovu unahitaji mazoezi yaliyopimwa. Akishapewa ruhusa, aanze na dakika tano au kumi kwenye tambarare, aongeze wiki hadi wiki. Kipimo rahisi ni mazungumzo: akiweza kutembea huku anaongea, mwendo ni sawa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Sigara hiyo iishe kabisa, ya kwake na ya anayevuta pembeni yake.

Chumbani: wengi huogopa kuuliza. Kwa kawaida mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala pumzi kukata anaweza kurudia tendo la ndoa, ila aulize kwanza. Lililo hatari ni dawa za kuongeza nguvu za kiume, hasa zile za kuuziana mkononi. Zikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama ile ya kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuanguka hadi kuua.

Moyo mwingine: karibu mtu 1 kati ya 5 waliopata shambulio hupata sonona. Baba hakulia. Alinyamaza, akaacha kusikiliza redio, akawa mkali kwa mambo madogo. Tulidhani ni uzee. Kama mzee wenu amebadilika hivyo, lisemeni kliniki kama mnavyosema kuhusu miguu kuvimba. Mtu aliyekata tamaa huacha dawa kimyakimya.

Usisubiri kupambazuke

Mwahisheni hospitali, hata kama ni usiku, mkiona lolote kati ya haya: kifua kinabana au kinauma zaidi ya dakika chache, hasa maumivu yakienda kwenye bega, mkono au taya, anaamka ghafla usiku anatafuta hewa, anazimia au moyo unakwenda mbio bila mpangilio, anakohoa makohozi yenye povu, mdomo unakwenda pembeni au upande mmoja unakosa nguvu, maana ndani ya chumba kilichotanuka damu inaweza kuganda, na bonge likasafiri hadi kwenye ubongo. Kumbukeni pia kwamba wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio bila maumivu makali: uchovu wa ghafla, jasho, kichefuchefu au pumzi kukata vinatosha.

Miguu kuvimba, mito kuongezeka kitandani, au uzito kupanda haraka navyo havingoji tarehe ya kliniki. Ni siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Sasa ni mwaka wa tatu. Baba anafuga kuku, na daftari la uzito limefika la nne. Juzi jioni, tukiwa barazani palepale, aliuliza tena, safari hii kwa utani: "Kwa hiyo mwanangu, nimeze mpaka lini?"

"Sijui baba," nikamwambia. "Jumanne ni kliniki. Tukamuulize anayejua."

Wiki ijayo tutaangalia presha kwa wazazi wenye umri chini ya miaka 40, na namna ya kuipima nyumbani bila kujidanganya. Makala hii ni elimu kwa familia na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari anayemfahamu mgonjwa wako.